Ufipa Haina Simba wa Kuonyesha

Ukisimama kwenye mwinuko wowote nje ya mji wa Sumbawanga ukaelekea kaskazini, kushoto kwako kuna Ziwa Tanganyika na kulia kuna Ziwa Rukwa. Yote mawili huyaoni. Yapo chini, karibu mita elfu moja chini ya nyayo zako, kila moja limelala kwenye ufa wake, na wewe uko juu ya kipande cha nchi kilichobaki katikati. Mji wenyewe uko takriban mita 1,750 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo maana abiria anayeshuka kwenye basi alfajiri ya mwezi wa saba, na fulana aliyoondoka nayo Dar es Salaam, hununua sweta la mtumba kwanza, chai baadaye.

Nje ya mkoa, Sumbawanga inajulikana kwa jambo moja: uchawi. Sema kwamba unaenda huko, hata mbele ya watu wenye shahada mbili, na utasikia habari za ungo na radi inayotumwa kwa oda. Wafipa, wenyeji wa huku, wameuzoea utani huu, na wapo wanaouongezea chumvi ili mgeni asibishane nao bei. Lakini umedumu mno. Mkoa wa Rukwa, wenye watu zaidi ya milioni 1.5 kwa sensa ya mwaka 2022, wenye historia ya falme, wahunzi na wafumaji, umefupishwa ukawa mzaha wa stendi.

Sababu nyingine ya kusahaulika ni ya kiutawala. Hadi mwanzoni mwa 2012, Hifadhi ya Taifa ya Katavi, pamoja na makundi yake ya viboko na nyati, ilikuwa ndani ya Rukwa. Mwaka huo ukaundwa Mkoa wa Katavi, makao makuu Mpanda, na hifadhi ikaenda na mkoa mpya. Rukwa ikabaki bila hifadhi ya taifa hata moja. Yapo mapori ya akiba, Lwafi upande wa Nkasi na Uwanda kando ya Ziwa Rukwa, lakini hayo si mahali ambapo familia ya Mbeya hufunga safari kwenda kupiga picha. Na kwa kuwa nchi yetu imezoea kupima utalii kwa ukubwa wa mnyama, mkoa usio na hifadhi ya taifa huhesabiwa kuwa hauna kitu. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni mbili, na wengi wao walizunguka kati ya Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na Zanzibar. Hata mradi mkubwa wa kukuza utalii wa kusini, ule wa REGROW, ulipobuniwa ulichagua hifadhi nne: Ruaha, Mikumi, Udzungwa na Nyerere. Rukwa haikuwamo, na kwa kipimo kile isingeweza kuwamo.

Maoni yangu ni kwamba Ufipa isijisumbue kutafuta simba. Vivutio vyake vimetokana na mambo mawili: kimo cha nchi na mikono ya watu. Vivutio hivyo vinafikika kwa gari la kawaida, na sehemu kubwa ya njia ni lami.

Tuanze na lile linalojulikana zaidi. Barabara ya kwenda bandari ya Kasanga, kilomita 112 kutoka Sumbawanga, inapita Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo. Ukiacha lami na kuelekea Kapozwa, kijiji cha mpakani, unapita mashamba ya mahindi, kisha mahindi tena, nchi tulivu isiyotoa dalili ya lolote. Halafu ardhi inakatika. Mto Kalambo, ambao ndio mpaka wetu na Zambia, unafika ukingoni na kuanguka mara moja hadi chini. Kipimo kinachotajwa zaidi ni mita 235. Wapo waliopima 221. Chukua chochote kati ya hivyo, bado ni zaidi ya mara mbili ya maporomoko ya Victoria, ambayo yana mita 108.

Mto wenyewe si mkubwa, na ni vizuri mgeni ajue mapema. Anayekuja Oktoba akitarajia ngurumo na ukungu wa Victoria ataona utepe mwembamba wa maji unaopeperushwa na upepo kabla haujafika chini. Maji yanajaa mwishoni mwa masika, Machi hadi Mei. Lakini hata ukifika Oktoba, lipo korongo lenyewe, kuta zake zikishuka wima, na kwenye kuta hizo korongo marabu, wale ndege wenye vipara tunaowaona wakizoa taka mijini, wanataga na kulea vifaranga wakati wa kiangazi. Kuna jambo la kufurahisha katika kumwona ndege wa dampo akiwa kwao, ameelea angani bila kupiga bawa, mita mia mbili juu ya bonde. Upande wetu msitu unaozunguka maporomoko ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na zimejengwa ngazi za kushukia. Kushuka si kazi. Kupanda ndiko kunakomjulisha mtu umri wake.

Juu kidogo ya maporomoko, kwenye kingo za mto upande wa Zambia, kuna kitu ambacho watu wengi wanaopiga picha hapo hawakijui. Mwaka 1953 mwanaakiolojia Desmond Clark, aliyekuwa akiongoza makumbusho ya mji wa Livingstone, aligundua kwamba tope la kingo hizo limehifadhi zana za mawe na vipande vya miti vya zama za kale kabisa. Kwa kawaida mti haudumu. Huoza, huliwa na mchwa, huungua. Hapa ulikuwa umelala kwenye udongo uliolowa maji muda wote, hewa haikuufikia. Mwaka 2019 timu ya Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilirudi kuchimba, na mwaka 2023 ikatangaza katika jarida la Nature kwamba imepata magogo mawili yaliyopishanishwa, la juu limechongwa pengo ili likae juu ya lenzake. Umri wake ni angalau miaka 476,000. Mifupa ya kale zaidi inayokubalika kuwa ya binadamu wa aina yetu ina takriban miaka 300,000. Kwa maneno mengine, kabla hatujawapo, kuna kiumbe aliyekaa kando ya Mto Kalambo akawaza jinsi ya kuunganisha miti miwili, pengine apate jukwaa la kukalia juu ya maji au njia ya kupita kwenye tope. Hakuna ujenzi wa mbao wa kale kuliko huo uliokwisha kupatikana duniani. Nimesoma vipeperushi kadhaa vya utalii wa Rukwa vikitaja urefu wa maporomoko kwa herufi kubwa bila kuligusa hili.

Ukirudi kwenye lami ukamalizia barabara, unafika Kasanga, ziwani. Wajerumani waliiita Bismarckburg na wakajenga ngome ambayo magofu yake bado yapo. Ngome hiyo ina kisa kinachostahili kusimuliwa kwa mgeni na mtu anayejua kusimulia. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza kwa meli, reli na kwa kuburutwa porini kupitia Kongo, ili wawanyang'anye Wajerumani Ziwa Tanganyika. Kamanda wake, Geoffrey Spicer-Simson, alishazamisha meli ya adui na kupata sifa. Juni 1916 alitakiwa kufunga njia ya majini hapa wakati askari wa nchi kavu wakiishambulia ngome kutokea kusini. Alipofika akaiona ngome na mizinga yake, akasita, akaondoka. Wajerumani wakapanda majahazi yao wakaenda zao. Baadaye ikagundulika kwamba mizinga ile ilikuwa ya mbao.

Mwezi uliofuata, kule juu Kigoma, Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao meli yao kubwa, Graf von Götzen, wakiwa wameipaka grisi kwenye mitambo isiharibike. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi Liemba ilikuwa ikitia nanga Kasanga njiani kwenda Mpulungu, Zambia, na ndiyo iliyokuwa daladala ya vijiji vya mwambao huu visivyo na barabara. Miaka ya karibuni imekuwa Kigoma kwa ukarabati, na kila mzee wa Kasanga ana maoni yake kuhusu lini itarudi.

Niongeze jambo moja kabla hatujapanda tena juu. Jina la Kasanga linatamkwa Ujerumani na Marekani na watu ambao hawajawahi kuisikia Sumbawanga. Ni wafugaji wa samaki wa maonyesho. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya mia mbili za samaki wa jamii ya sikilidi, karibu wote hawapatikani kokote kwingine, na wengi hubadilika rangi kutoka ghuba moja ya mawe hadi nyingine. Kwenye maduka ya Ulaya samaki huitwa kwa jina la kijiji alikotolewa, na tropheus mwekundu wa Kasanga ni maarufu. Mwambao wa Nkasi, hasa Kipili na visiwa vyake vidogo, maji ni maangavu kiasi kwamba mtu mwenye miwani ya kuogelea huwaona samaki hao bila kwenda mbali na ufukwe. Kwa anayetaka kupumzika tu, Kipili ndipo penyewe, na migebuka ya kuchoma ipo. Sina la kuongeza.

Lakini ningepewa siku moja tu ya kumtembeza mgeni Ufipa, nisingempeleka Kalambo wala Kipili. Ningempeleka kuona malungu.

Ilungu ni tanuru la kuyeyushia chuma. Yamebaki kadhaa, zaidi upande wa Nkasi, mengine kwenye vichaka, mengine katikati ya mashamba. Kwa mbali utadhani ni kichuguu kirefu kilichokatwa kichwa: mnara wa udongo wa kimo cha mita tatu hivi, mpana chini na mwembamba juu. Ukisogea unaona matundu yamezunguka kitako chake, na tundu moja kubwa kuliko mengine, la kutolea chuma. Ingiza mkono kwenye tundu mojawapo. Udongo wa ndani umegeuka kuwa kitu kingine, mweusi wenye ung'avu wa kijani, laini kama chupa iliyoyeyuka ikaganda ikitiririka. Chini, kwenye nyasi, mguu unakanyaga mavi ya chuma, mazito kuliko jiwe la ukubwa wake, na vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha hewa.

Hewa ndiyo siri ya tanuru hili. Matanuru mengi ya Afrika yalihitaji watu wa kuvukuta mchana kutwa. Ilungu halikuhitaji mvukuto. Kimo chake kilitosha kuvuta hewa kutoka matundu ya chini hadi kileleni, na moto ukajiendesha wenyewe kwa siku kadhaa, mkaa na mawe ya chuma vikipangwa tabaka juu ya tabaka kutoka juu. Kilichotoka kilikuwa bado kichafu. Kilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika kukisafisha, kisha mhunzi akafua majembe, mashoka na mikuki. Jembe la Kifipa lilikuwa chombo cha kazi, bidhaa ya biashara na mali ya kuolea kwa wakati mmoja.

Mtu aliyeyafahamisha matanuru haya kwa wasomi wa leo ni Mtanzania, Profesa Bertram Mapunda, aliyefanya utafiti wake wa shahada ya uzamivu huku Nkasi na kuukamilisha mwaka 1995. Alionyesha kwamba malungu hayakuwa ya kwanza. Kabla yake kulikuwa na teknolojia nyingine kando ya ziwa, iitwayo katukutu, yenye matanuru mafupi na taratibu tofauti kabisa. Watu wa eneo moja, kwa mawe yaleyale, walijaribu njia zaidi ya moja. Anayedhani ufundi wa Afrika ulikaa mahali pamoja ukisubiri wageni asome kazi hiyo.

Wafipa wenyewe hawakuliona ilungu kuwa mtambo tu. Tanuru jipya lilikuwa bibi harusi. Lilipambwa na kuimbiwa kama anayeolewa, na mafundi wake walijitenga na wake zao hadi kazi iishe, kwa kuwa walikuwa na ndoa nyingine mkononi. Kulikuwa na kikapu cha dawa na fundi mkuu wa kukitunza. Ukitaka kujua uchawi wa Ufipa ulikuwa na kazi gani, sehemu yake ilikuwa hii: kuhakikisha jiwe linatoa chuma.

Hata simulizi za utawala zinaanzia kwenye chuma. Milansi, chini ya mlima Itweelele, ndiyo inayotajwa kuwa kitovu cha Ufipa, na mtawala wake wa kwanza, Ntatakwa, husemwa alishuka kutoka mbinguni. Milansi ilikuwa nchi ya wahunzi. Kisha, simulizi inasema, wakaja wanawake watatu wageni wakati mwene, yaani mtawala, hayupo nyumbani, wakajipatia nchi kwa ujanja bila kumwaga damu, na uzao wao, Watwa, ndio waliotawala baadaye, hadi ukoo ukagawanyika na kuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Mwene wa Milansi akabaki na heshima ya kimila, wale wengine wakabaki na madaraka. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi Ufipa miaka ya 1960, aliandika vitabu juu ya simulizi hii bila kuimaliza. Mimi nashangaa zaidi kwamba katika nchi yenye simulizi nyingi za wafalme wawindaji na wapiganaji, Wafipa walichagua kusema kwamba dola yao ilianzishwa na akina mama watatu waliofika kwa miguu.

Vita ilikuja kutoka kwa wengine. Miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba, waliotembea kutoka nchi ya Wazulu kwa zaidi ya miaka ishirini, walifika na kupiga kambi Ufipa. Zwangendaba alifia huku, na ni baada ya kifo chake watu wake waligawanyika, wengine wakaenda kaskazini kuelekea Ziwa Viktoria, wengine wakarudi kusini hadi Songea na Malawi. Wangoni wa Songea wanaokuja Sumbawanga kikazi mara nyingi hawajui kwamba wanapita karibu na kaburi la babu yao.

Mbali na chuma, kulikuwa na vitambaa pia. Livingstone alipopita upande huu mwaka 1872, katika safari yake ya mwisho, aliandika juu ya pamba na watu waliokuwa wakisokota na kufuma. Merikani ya dukani iliua kazi hiyo, kama majembe ya kiwandani yalivyozima malungu. Mengi ya matanuru yanayosimama leo yaliwashwa mara ya mwisho katika karne ya 20, na hakuna aliyeondoka siku hiyo akidhani ni mara ya mwisho.

Kazi moja ya mikono haikufa, na mgeni anaweza kuiona bila kulipa kiingilio. Uwanda wa Ufipa ni nchi ya nyasi. Miti ni michache, kwa hiyo kilimo cha kukata msitu na kuuchoma ili kupata majivu, kinachofanyika kwa majirani zetu wa Zambia, hakikuwa na nafasi. Wafipa wakabuni intumba. Mvua zikiwa bado zinanyesha, mkulima anakata nyasi pamoja na udongo wake, anazigeuza kichwa chini na kuzirundika matuta ya duara, nyasi zikiwa zimefunikwa ndani. Zinaoza humo. Maharage hupandwa juu ya tuta, na msimu unaofuata tuta linasambazwa na kupandwa ulezi. Mbolea imetengenezwa palepale, bila gari wala mkopo wa pembejeo. Februari au Machi, jua la jioni likiwa limelala, mteremko mzima unaonekana umejaa vivimbe vyenye vivuli. Leo mahindi na plau la ng'ombe vimechukua sehemu kubwa ya nchi, na Rukwa inatajwa miongoni mwa mikoa inayolisha Tanzania, lakini intumba bado zipo. Ulezi wake, bila shaka, hauishii kwenye uji peke yake. Karibu na jioni mgeni ataalikwa, na ni ustaarabu kuonja.

Upande wa mashariki ndiko nchi inakovunjika kwa ukali zaidi. Ukuta wa mawe na misitu unaoshuka hadi Bonde la Rukwa unaitwa Lyamba lya Mfipa. Njia ya gari inachepuka Ntendo, kaskazini ya mji, na kushuka Muze kwa kona ambazo dereva huzipiga honi moja moja. Nilishuka katika gari la abiria lililobeba watu, magunia na jogoo wawili, nikiwa bado na koti la asubuhi. Mama aliyeketi pembeni yangu alinitazama, akacheka. "Vua hilo mwanangu, huko chini utakosa hata pa kuliweka." Nusu saa baadaye hewa ilikuwa nyingine. Nyasi za baridi zilikwisha juu, tukapita miombo, na chini kulikuwa na miembe, mpunga na joto la kukausha koo. Watu nao ni mchanganyiko: Wafipa, Wawungu, na Wasukuma waliohamia na mifugo yao tangu miongo kadhaa iliyopita.

Ziwa Rukwa lenyewe ni la ajabu. Halina mto unaotoka. Maji ya Momba, Songwe, Rungwa na Luiche yanaingia na kuishia humo kwa kukaushwa na jua, hivyo yana magadi, na ziwa hupanuka na kusinyaa kadiri ya mvua. Kuna miaka katika karne iliyopita lilipokaribia kukauka. Linatofautiana kabisa na jirani yake: Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, wakati Rukwa ni la mita chache tu, ingawa nyuso za maji yao zinakaribiana kimo. Lina gege wake ambaye asili yake ni humo na mamba wengi, kwa hiyo hapa hatuogelei. Nyanda zake zinazofurika zilikuwa mazalia makuu ya nzige wekundu, na pigo lililoanza miaka ya 1930 likasambaa hadi kusini mwa bara ndilo lililosababisha kuundwa, mwaka 1949, kwa chombo cha kimataifa cha kuwadhibiti chenye makao Abercorn, ambayo leo ni Mbala. Kusini mwa bonde hili ndiko yalikopatikana mabaki ya Rukwapithecus, nyani mkubwa wa miaka milioni 25 iliyopita aliyetangazwa mwaka 2013, na mwaka 2016 bonde likaingia tena kwenye habari kwa gesi ya heliamu.

Kabla ya kushuka Ntendo, au wakati wa kurudi, inafaa kutenga asubuhi moja kwa msitu wa Mbizi. Ni msitu wa mlimani uliobaki vipande vipande karibu na mji, nao ndio unaowapa watu wa Sumbawanga maji. Ndani yake wapo mbega wekundu, kundi lililo mbali na ndugu zake, na moto wa kiangazi unaotoka kwenye mashamba huula msitu huo kidogokidogo kila mwaka.

Mjini kwenyewe hakuna mengi ya kuona, ila kuna jina moja la kuuliza. Hospitali ya kanisa inaitwa Dk. Atiman. Adrian Atiman alizaliwa kando ya Mto Niger, nchini Mali, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani, akakombolewa na mapadri wa Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Tanganyika, akaoa huko, akatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 kituo kimoja. Ni vigumu kupata mtu wa kumfananisha naye katika historia ya tiba ya nchi hii, na hajulikani nje ya jimbo.

Kinachokosekana Ufipa kwa sasa si barabara. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, iliyojengwa kwa fedha za shirika la MCC la Marekani, iliufungua mkoa kutokea kusini, na ile ya Mpanda imeufungua kutokea kaskazini. Kinachokosekana ni msimulizi. Hakuna kibao barabarani kinachomwambia msafiri wa Nkasi kwamba ng'ambo ya lile shamba kuna tanuru. Ng'ambo ya mpaka, Mbala, mkusanyiko wa vitu vya kale ulioanzishwa na padri mmoja, Jean-Jacques Corbeil, umekuwa makumbusho ya Moto Moto, na watu wanavuka kwenda kuyaona. Sumbawanga inastahili nyumba ya namna hiyo, hata ya vyumba vitatu.

La haraka zaidi ni malungu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyotangulia mwaka 1863. Yaliyojengwa baada ya hapo yanahitaji kutangazwa na waziri, na matanuru mengi yaliyosimama hayawezi kuthibitisha umri huo. Tanuru la udongo lisilo na paa, katikati ya shamba lenye ng'ombe, halina miaka mingi. Halmashauri za Nkasi, Kalambo, Sumbawanga na Manispaa hazihitaji mfadhili kuyaorodhesha, kuyazungushia uzio wa miti na kupeleka majina yake wizarani. Ziyafanye hayo kabla ya msimu ujao wa kulima. Nawe msomaji, kama una likizo, nenda Mei au Juni mwanzoni, Kalambo ikiwa bado na maji na njia ya Muze ikiwa kavu. Chukua koti.